Muhuri wa Pili

Nilipoziacha nyumba za mwisho za Ujiji na kushika njia ya kusini, ziwa lilijitokeza lote upande wangu wa kulia, nikalikasirikia.

Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kulikasirikia ziwa. Mimi nililikasirikia. Lilikuwa limetanda pale, la buluu mpaka mwisho wa macho, na ng'ambo yake milima ya Kongo imejipanga mmoja nyuma ya mwingine, ikififia taratibu. Dagaa walikuwa wameanikwa juu ya mchanga, wanametameta. Upande wa kushoto michikichi, mashamba kwa mashamba, na moshi wa watu wanaopika mawese. Kulikuwa kuzuri. Na mimi nilikuwa na gari tupu linalorukaruka kwenye mashimo, na Ijumaa ilikuwa kesho.

Ijumaa baada ya sala, Tunu angeolewa na mtu mwingine.

Saady, tajiri wangu, aliniruhusu siku moja tu. Nilimshushia maharage yake Kigoma asubuhi, nikamwambia nina dharura ya kifamilia huko kando ya ziwa. Hakuuliza. Mtu akifiwa na mke, watu huacha kumuuliza maswali. Hilo nimeligundua, na nimelitumia sana.

Basi nikaendesha peke yangu, kioo kimeshushwa, upepo wa ziwa unanipiga sikioni, na Pelagia akaja akaketi pembeni yangu kama kawaida yake.

Marehemu mke wangu hakuwahi kuliona ziwa hili. Alizaliwa Kasanda, upande wa Kibondo, kwa wazazi waliovuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili. Nikamwoa, nikamleta kwetu Titye, na kote huko ni milima na migomba na maharage. Nilipokuwa narudi safari za Kigoma alikuwa ananiuliza habari za ziwa kama mtoto.

"Maji yote hayo yamezuiliwa na nini?"

"Hayajazuiliwa, mama. Yanakaa tu."

"Yanakaa tu! Basi yana bahati. Hayaulizwi karatasi."

Tukacheka. Nikamwahidi kumleta. Nikaahidi mwaka wa kwanza, nikaahidi wa pili. Halafu ukaja ule mwaka ambao watu wa asili ya kule walikusanywa vijijini wakapelekwa kambini. Baba yake, mzee Nduwayezu, akapelekwa, na Pelagia akahesabiwa naye kwa sababu siku hiyo alikuwa amekwenda kumsalimia. Mke wa mtu, mke wa Muha, ana mimba ya miezi saba! Nikasema, nikaonyesha cheti cha ndoa cha parokia. Mkubwa mmoja akanijibu pasipo kuinua kichwa, "Jina lake limo humu." Jina limo humu. Kwa hiyo mtu hayumo nyumbani kwake kwa sababu jina limo mahali pengine. Hao ndio waliotushika. Wana kalamu, wana viti vinavyozunguka, na barabara kama hii niliyokuwa naipita waliichonga mara moja tu, siku mkubwa mwenzao alipokuja kufungua kisima ambacho hakikutoa maji hata ndoo moja.

Nikabadili gia kwa nguvu mpaka gari likalia.

Nataka niseme jinsi nilivyomjua Tunu, maana watu Kasulu walisema mengi. Nilimjua siku niliyokwenda kununua shuka jeupe la kumzikia Pelagia. Duka ni la kaka yake, Khatibu, pale karibu na stendi. Khatibu hakuwepo. Tunu alikuwa kwenye cherehani. Akasimama, akalitandaza jora mezani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Alikuwa mrefu au mfupi?"

Nikainua mkono mpaka hapa, begani. "Hapa," nikasema. "Alikuwa ananifika hapa."

Akautazama ule mkono wangu ulioning'inia hewani, machozi yakamtoka. Hakumjua Pelagia. Lakini tangu asubuhi ile watu walikuwa wameniuliza habari za jeneza, za mchanga, za nani atapika. Yeye peke yake ndiye aliyeniuliza Pelagia alikuwaje.

Ilichukua miezi mingi kabla sijarudi dukani, na nilirudi na suruali iliyochanika. Halafu na shati. Halafu nikaanza kuchana mwenyewe. Tunu alijua. Aliinua nguo kwenye mwanga, akaitazama ile mikato iliyonyooka, akasema, "Dereva, gari lako lina misumari mingi siku hizi." Akashona bila kuinua macho, lakini shavu lake la upande wangu lilikuwa linatabasamu. Kwa shavu lile niliishi wiki nzima.

Miezi ikaenda. Watu wakajua. Na siku moja kabla ya safari hii, Jumatano, Khatibu aliniita dukani, akafunga mlango nusu.

"Bwana Pasikali, dada yangu nilimhamishia kwa shangazi yake miezi miwili iliyopita, kusini ya Ujiji. Ijumaa anaolewa. Mtu mzima, mfiwa kama wewe, ana mashua za dagaa."

"Khatibu, kama ni dini, nilishakwambia nitasilimu."

"Hapana. Kusilimu kwako ningekupokea kwa mikono miwili. Dini sio." Akaketi juu ya gunia. "Wewe hujaanua matanga ya mkeo. Mwaka umepita, na nusu ya wa pili. Wakwe zako wamekuita mara ngapi?"

"Mara mbili."

"Ukakataa mara mbili. Sasa dada yangu ningemweka wapi? Kitandani kwako upo wewe, yupo marehemu, na yupo yule karani wa kambini unayemtukana kila siku. Wanne hamuenei, bwana."

"Ila Tunu ameniomba nikufikishie neno," akasema, na niliona hakupenda kulifikisha. "Amesema: akiwa na la kuniambia, aje aniambie kabla ya Ijumaa. Kama hana, asije."

Neno ndilo hilo. Nililipigia hesabu usiku kucha na njia nzima ile ya ziwa. La kumwambia nilikuwa nalo, nilidhani. Nampenda. Nitaanua matanga. Nitasilimu. Na katika mfuko wa shati nilikuwa na karatasi, ile karatasi yangu ya kambini, ili akumbuke kwamba mimi si mtu mbaya, mimi ni mtu niliyeonewa.

Sasa nieleze habari ya matanga, maana ndiyo iliyoniponza. Wakwe zangu kwao wanaita kuganduka. Ukifika mwaka, ndugu wanakusanyika, wanakunywa pombe ya mtama kutoka chungu kimoja, na wanawaachia wafiwa waendelee kuishi: kuoa, kulima, kucheka. Lakini kabla ya chungu kuguswa, mume anasimama mbele ya watu na kusimulia jinsi mkewe alivyoondoka. Aliumwa lini, ulifanya nini, nani alikuwepo, alisema nini mwishoni. Anasema yote. Wazee wanasikiliza, na mzee wa nyumba akiridhika ndiye anayeinama kunywa wa kwanza.

Mimi nilishasimulia kifo cha Pelagia kwenye ofisi tano. Nilikisimulia kwenye vilabu vya pombe, kwenye foleni ya dizeli, kwa wazungu wa misaada, kwa padri. Lakini kukisimulia mbele ya Nduwayezu, mzee yule ambaye macho yake yameingia mtoto wa jicho na anasikiliza kwa kuinamisha kichwa, nilishindwa. Nilisema nina safari. Mara zote mbili nilikuwa sina safari.

Kijiji cha shangazi yake Tunu nilikifikia saa tano. Nyumba ilikuwa karibu na ufuko, imepakwa chokaa upya kwa ajili ya harusi, sufuria kubwa zimepangwa nje. Nikazima gari. Mwanamke mnene akatoka barazani, kanga kiunoni, mikono imepakaa rangi ya mawese mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye yule Muha wa karatasi?"

Nilikaa kimya.

"Ndiye. Ukimya huo ndio niliosimuliwa." Huyu alikuwa Bi Kuruthumu, shangazi mwenyewe. "Umechelewa. Mwali yumo ndani, amepakwa hina, haonwi na mwanaume. Rudi zako Kasulu ukale maharage."

"Mama, nimetoka mbali. Ameniita."

"Amekuita? Basi amekuita vibaya."

Sauti ikatoka ndani. "Shangazi."

Miezi miwili sikuwa nimeisikia sauti hiyo.

"Shangazi, mwache asogee mpaka mlangoni. Pazia liwepo. Na wewe uwepo."

Bi Kuruthumu akaguna, akanivutia kigoda. "Kaa hapo. Ukinyanyua hilo pazia hata kidole kimoja, nakumwagia mawese ya moto. Hayana mchezo."

Nikakaa. Pazia lilikuwa la maua mekundu, halikufika chini. Kati ya pindo na sakafu niliona miguu ya Tunu juu ya mkeka. Imepakwa hina mbichi mpaka juu ya vifundo, maua na vikuku vya udongo mweusi unaokauka. Hakuisogeza. Mtu mwenye hina mbichi hawezi kusimama wala kushika kitu.

"Habari za Kasulu, dereva?"

"Mbaya."

"Nguo zako?"

"Hazichaniki tena. Hakuna wa kuzishona."

Kule ndani akavuta pumzi. Nikaona vidole vyake vya miguu vimejikunja, halafu vikajikunjua polepole, kwa kuogopa kuiharibu hina. Nilitamani kuvishika vile vidole mpaka macho yakauma.

"Nimekuja, Tunu."

"Nimesikia gari. Naujua mlio wake toka kwenye kona ya msikiti. Haya. Sema."

Nikasema. Nilisema vizuri, naamini. Nilimwambia nampenda kuliko chochote kilichobaki kwangu. Nilimwambia nitaanua matanga mwezi huo huo, nitasilimu, nitamtafutia chumba cha cherehani chenye dirisha. Bi Kuruthumu alisahau kuguna. Halafu, sijui shetani gani, nikasema, "Wewe unajua nilichofanyiwa. Kama si yule karani, mimi nisingekuwa mtu wa namna hii. Ningekuwa mtu kamili. Nimeileta hata karatasi."

"Umeileta," akasema Tunu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imechoka ghafla. "Shangazi, ichukue tafadhali. Nishikie nisome."

Bi Kuruthumu akaipokea kwa ncha za vidole, akaingia nyuma ya pazia.

"Umeipindua, Shangazi. Kichwa chini."

"Mimi nitajuaje! Karatasi zote zina sura moja. Haya, hivi?"

"Hivyo."

Nilingoja. Nilikuwa najua kila neno lililomo. Kibali cha kutoka kambini. Jina, Pelagia. Sababu, ugonjwa. Watu wawili, mgonjwa na dereva. Saa nane na dakika ishirini. Na muhuri wa duara, wa zambarau. Nilikuwa nimekwenda na gari kumtazama, na tuliomba saa nne asubuhi! Saa nne, mke wangu anavuja damu ndani ya gari, wanawake wa kambi wanampepea, na mimi nimesimama dirishani nangoja karani arudi kutoka alikokwenda. Arudi, apige muhuri, basi. Kazi ya kupepesa jicho. Kwa saa nne na zaidi.

"Dereva," akasema Tunu, "kaka yangu alikuwa anapeleka vitenge kule kambini miaka miwili. Vibali vyake nilikuwa navitunza mimi. Kila kibali kina mihuri miwili. Wa ofisini, na wa kizuizini pale barabarani unapotokea. Bila wa pili mti hauinuliwi."

"Hii ina mmoja," akaendelea. "Pale kizuizini ulimwonyesha nani?"

Ziwa lilikuwa nyuma yangu, linafanya kelele zake ndogo kwenye mchanga. Bi Kuruthumu akachungulia kando ya pazia, akanitazama, na safari hii hakuwa na neno la kuchoma.

"Tunu..."

"Nakuuliza."

"Sikumwonyesha mtu."

"Kwa nini?"

"Hakukuwa na mtu."

Nilisema hivyo, halafu yakafuata mengine, hayakungoja ruhusa yangu. Nikamwambia jinsi nilivyofika pale na karatasi nimeishika nje ya dirisha, mbio, vumbi, na mti ulikuwa umeinuliwa, umefungwa na kamba. Kibanda kitupu. Mama mmoja aliyekuwa anauza karanga akanipungia mkono. "Pita tu, baba. Tangu asubuhi hakuna mtu hapa. Wamekwenda kuchukua posho."

"Tangu asubuhi," akasema Tunu.

"Tangu asubuhi."

"Ulikuwa na gari."

"Nilikuwa nalo."

"Mafuta?"

"Yalikuwemo."

"Kutoka ofisini mpaka pale kizuizini ni mbali?"

"Unapaona. Ukisimama juu ya tela unapaona."

Nikaendelea mwenyewe.

"Niliogopa, Tunu. Walikuwa wakikukamata bila karatasi wanalichukua gari. Gari la Saady. Baba yangu alichapwa viboko hadharani nikiwa na miaka saba, kwa kukosa stakabadhi ya kodi, na alikuwa ameilipa, ilikuwa imeliwa na mchwa tu. Nilishika suruali yake wanamchapa. Mimi karatasi nikiikosa, mikono inakufa ganzi. Nilisema ngoja niipate, nitoke kihalali. Ngoja kidogo. Ngoja kidogo."

"Na yeye?"

"Alisikia."

"Alisikia nini?"

"Yule mama wa karanga. Pelagia alikuwa ameegemea mlango, nilidhani amelala. Akageuza uso, akanitazama. Hakunilaumu, ndiyo shida. Alinitazama tu kama anayesema kumbe. Halafu akasema kwa lugha yao, *Genda*. Nenda. Nikaenda. Alikata roho kabla hatujauona mji, na mtoto tumboni."

Nilikuwa nalia. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda cha watu, mwanaume wa miaka arobaini na mmoja, nalia kwa sauti, na wasichana waliokuwa wanachambua mchele uani wakanyamaza wote.

Nyuma ya pazia na yeye alikuwa analia. Nilimsikia akisema, "Shangazi, nifute macho. Siwezi kushika." Nikaona kanga ya Bi Kuruthumu ikiinama.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Mwezi wa tatu tu tangu uanze kuniletea nguo. Uliiacha mfukoni mwa shati ulilolichana." Akapumua. "Nilingoja uniambie. Kila ulipokuja nilisema leo. Unakuja, unamtukana karani, unaondoka. Nikaona huyu mtu atanioa, tutalala chumba kimoja miaka thelathini, na atakuwa anajificha nisimwone."

"Sasa nimesema! Tunu, nimesema. Toka nje. Gari lile pale."

"Umesema kwa sababu nimekushika."

"Njia nzima hiyo ya ziwa ulikuwa peke yako," akasema, na kila neno alilitoa polepole kama anayechomoa sindano. "Nilikuwa nahesabu saa. Nikasema, huenda atafika na neno hilo mdomoni. Pasikali, wallahi, ungefika nalo ningetoka hivi hivi na hina yangu mbichi. Ningepanda gari, Khatibu angenitenga, na nisingejali. Nilishamwambia na Shangazi. Muulize."

Nikamtazama Bi Kuruthumu. Alikuwa amesimama nusu ndani nusu nje, karatasi yangu mkononi. Akatikisa kichwa kukubali.

"Aliniambia," akasema. "Nilimtukana sana."

"Lakini umekuja na karatasi," akasema Tunu.

Nikapiga magoti pale pale barazani. Aibu ilikuwa imeshaniisha. Nikaomba kama sijawahi kuomba ofisi yoyote. Nilimwambia nitabadilika, nilimwambia yule mwenye mashua hamjui hata rangi anayoipenda. Akaniacha nikaishiwa.

"Yule mwenye mashua ameniambia mkewe alikufa kwa sababu yeye alikuwa amelewa na hakumsikia anaita," akasema mwishoni. "Aliniambia siku ya kwanza, mbele ya kaka yangu, kabla ya maji ya kunywa hayajaletwa. Simpendi. Lakini najua yuko wapi."

Simpendi. Alilisema waziwazi, mbele ya shangazi yake, siku moja kabla ya harusi. Sijui kama lilitolewa kuniponya au kunimaliza.

"Na mimi?" nikauliza.

Vidole vyake vya miguu havikutikisika.

"Wewe nenda kwa mzee Nduwayezu. Kamwambie yeye. Haoni, hasomi, hawezi kukushika. Ukimwambia, itakuwa umetaka."

"Kisha nirudi?"

"Kisha usirudi."

Bi Kuruthumu akashuka barazani, akaninyanyua kwa mkono, ile rangi ya mawese ikabaki kwenye shati langu. Hakunisukuma. Alinisindikiza mpaka garini kama anavyosindikizwa mfiwa, akanirudishia karatasi yangu, akasema, "Mwanangu, kunywa maji kabla hujaendesha." Akaniletea kikombe. Nikanywa. Nikageuza gari kwenye mchanga, na katika kioo cha pembeni nililiona lile pazia la maua mekundu limetulia. Upepo ulikuwepo, lakini mtu alikuwa ameliegemea kwa ndani.

Ziwa sasa lilikuwa upande wa kushoto. Saa saba mchana, jua kali, maji yamebadilika yamekuwa meupe. Nilijua hesabu ya njia, na Saady na siku yake moja angengoja: nilale Kasulu, niamke alfajiri, kambini Kibondo nifike Ijumaa mchana. Saa ile ile watu wanatoka msikitini, wanaketi kwenye mikeka, wanamuuliza Tunu kama ameridhia.

Nikaanza kujaribu maneno. Niliyasema kwa sauti, peke yangu kwenye gari.

"Baba mkwe, siku ile karani alikuwa ametoka..."

Nikaanza upya.

"Baba mkwe, waliotushika walikuwa wamekwenda kuchukua posho..."

Hapana. Nikapita michikichi, nikapita dagaa, watu wakanipungia mkono sikuwapungia. Kila nilipofungua mdomo alitoka karani. Na sitasema uongo, karani yule mpaka leo namchukia, na mkubwa wake namchukia zaidi, na siku nitakayosikia wamepatwa na jambo sitakwenda kuwapa pole. Wao ndio waliotufundisha kwamba mtu bila karatasi si mtu. Hilo silifuti. Lakini nilikuwa natafuta sentensi moja tu ambayo wao hawamo, na kutoka kwa Bi Kuruthumu mpaka Ujiji sikuipata. Kila sentensi niliyokuwa nayo walikuwa wamekaa ndani yake, wamekunja nne.

Niliipata kwenye kilima, gari limelemewa, gia ya kwanza, maji yakiwa yamebaki kipande kidogo kwenye kioo. Niliisema taratibu ili niisikie mwenyewe kama itakavyosikiwa na mzee yule, kichwa kimeinama, chungu hakijaguswa.

"Baba, alikuwa anakufa pembeni yangu, na ufunguo wa gari ulikuwa mkononi mwangu."

Nikairudia. Nikairudia tena mpaka Kasulu.